Mutoto Mwenye Walilia Angali Muzima

Mukeka wa Vagheni ulianza kulowana. Mvua haikunyesha, na mule nyumbani Bulengera hapakuwa mutoto mudogo wa kukojoa. Tena maji yale yalinuka udongo wa kaburi.

Koko Jokébed, bibi yake, akauanika kwa jua, hakuambia mutu. Waasi walikuwa wamejaa muji. Nani angesikiliza habari ya mukeka? Vagheni alikuwa na miaka kumi. Alianza kuigiza kanisani, akicheza malaika wa Noeli. Sasa Kakule, mwenye kupiga video za ndoa, alikuwa anamutengenezea filamu. Siku tatu zilizopita, walipiga sehemu yenye anakufa. Wanamuke wa jirani waliwasha moto wa kilio kwa lupango, mule uani, wakaimba nyimbo za kweli, wakatoa machozi ya kweli. Risasi zikasikika, kila mutu akakimbia. Ilibaki sehemu ya mwisho tu, ya kupiga kesho kule Beni.

Mchana ule Vagheni alifungua kinywa ajaribu maneno yake mbele ya Kakule, ikatoka sauti ya muzee, nzito, na ile harufu ikapanda ukutani, ikaingia mu sufuria ya sombe, na kuku wote inje wakanyamaza kama wameshikwa shingo, sauti ikisema polepole:

«Huyu balishamulilia. Ni wangu.»

«Yesu Maria!» Jokébed akanong'ona. «Majivu! Hatukutupa majivu!»

Kwao, kilio hakiishi mpaka majivu ya moto wake yatupwe. Walikuwa wameacha mulango wazi, na muzimu umeingia.

«Mama, tuache hii filamu,» Kakule akasema, akifunga kamera yake. «Tafazali.»

«Nani aache?» Sasa alikuwa Vagheni mwenyewe. Akatoka inje, akachota majivu kwa mikono mibili. «Mimi balinililia sababu nilicheza muzuri. Na weye, nani alikulilia?»

Kisha, toka mu mukeka, sauti ikaja imekuwa ndogo:

«Hakuna mutu. Waasi balinipiga risasi, bakanitupa mu shimo.»

«Pole, muzee. Lakini hapana kunikalia mimi. Enda kwa wenye balikuua.»

Akarusha. Upepo ukayabeba majivu yote, upande wa kambi ya waasi.

Asubuhi, pikipiki ya Kakule ilipopita mbele ya kambi, waasi walikuwa wanakimbia bila viatu, wanapiga mayowe, bunduki zimelenga hewa tupu. Kakule akapunguza mwendo.

«Songa, kaka Kakule,» Vagheni akasema mugongoni kwake. «Beni bananingoja.»