Aliyemfuata Daktari Irene

Moshi wa kuni ulianza kunukia Jumatatu, saa nne asubuhi, ndani ya kliniki iliyo ghorofa ya kumi na mbili Dubai Marina, mahali ambapo madirisha hayafunguki na hakuna anayewasha hata kibiriti. Daktari Irene alimuuliza nesi wake, Arwa, kama na yeye anausikia.

"Mie sisikii kitu, daktari," alisema Arwa, binti wa Kizanzibari aliyezaliwa na kukulia Rashidiya, hapo hapo Dubai.

Harufu ile Irene aliijua. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wakipika kwa kuni nyuma ya kituo cha afya huko Kigoma vijijini, alikokuwa daktari peke yake kwa miaka minne. Aliondoka bila kumsubiri daktari wa kushika nafasi yake. Waliomuuliza sababu aliwaambia umeme, shule nzuri za watoto, nafasi ya kusoma zaidi. Hakuwaambia kwamba siku mbili baadaye mama mjamzito alifikishwa pale kwa machela, akakuta pamefungwa, akafia kizingitini.

Jumatano mchana, mwanamke alianza kugumia nyuma ya pazia la kitanda cha kupimia. Irene akalivuta. Kitanda kitupu, shuka limelowa. Akakimbilia mlango, kitasa kikazunguka bure mkononi, na nje aliwasikia wagonjwa wakizungumza, simu ikiita, Arwa akisema yalla, anayefuata, naye akagonga kwa viganja vyote viwili wala hakuna aliyegeuka, huku nyuma yake ile sauti ikisogea, ikihema, mpaka ikamfikia shingoni na kusema taratibu, "Daktari, nifungulie."

Arwa alipoingia alimkuta ameketi sakafuni.

"Nimegonga sana," Irene alinong'ona.

"Hukugonga, daktari. Nilikuwa hapa hapa mlangoni."

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, Arwa akamleta bibi yake, Bi Shakira, anayejua kusomea watu dua za kutoa mashetani. Hakufukiza ubani, maana king'ora cha moto kingelia. Alisoma, akanyunyiza maji pembe zote, kisha akamgeukia Irene.

"Huyu si wa chumba hiki, mwanangu. Kaja nawe. Amevaa sauti ya marehemu, lakini siye. Anasema atatoka ukirudi ulikotoka."

"Siwezi, bibi. Nimesaini mkataba wa miaka mitatu, na kule nitakuwa peke yangu tena."

"Basi mwambie kweli kwa nini uliondoka."

Irene alifumba macho. "Niliogopa. Walikuwa wakinifia mikononi, usiku na mchana, na hakuna wa kunisaidia. Nikakimbia."

Chumba kikatulia. Harufu ya moshi ikakatika. Arwa akashusha pumzi.

Kisha midomo ya Irene ikafunguka yenyewe, machozi yakimtiririka, na sauti ya mwanamke mwingine ikatoka, tulivu kabisa.

"Nimesikia. Miaka mitatu si mingi. Tutakaa."

Nje, wagonjwa wa alasiri walikuwa wameshaanza kufika.