Waliouchekea Mkeka Mtupu

Watu wote walipokwisha kucheka, Sulia aliendelea peke yake. Hakuendelea sana, labda muda wa mtu kumeza mate mara mbili, na jirani yake akamtania, "Dada, kamera imeshazimwa, pumzika!" Naye akasema amepaliwa. Hakuwa amepaliwa. Alikuwa ameona mkeka ukibonyea.

Lefagamea ni kijiji kidogo tu kisiwani Savaii, lakini kwa vichekesho hakuna anayekifikia. Mchezo wao wanauita Nyumba ya Pepo. Mchekeshaji anatandikiwa mkeka, anajipaka majivu usoni, anakaa, anasema, "Mimi si mtu," na tangu hapo ana ruhusa ya kumsema yeyote: mchungaji anayesinzia kwenye mahubiri yake mwenyewe, au chifu aliyeficha paja la nguruwe asimgawie mgeni. Hakuna wa kumkasirikia, kwa sababu aliyesema ni pepo. Akimaliza anainuka, na kabla hajapiga hatua mbili mkeka unakunjwa. Hilo halina mjadala Lefagamea. Mkeka wa pepo hauachwi wazi bila mtu, na wala hauchekewi ukiwa mtupu.

Mchekeshaji wao alikuwa Tulei, mdogo wake Sulia. Sulia mwenyewe hakuwahi kuigiza. Kazi yake ilikuwa kucheka, na msiidharau kazi hiyo. Kundi lolote la vichekesho linahitaji mtu wa kuwafungulia wengine mlango, na kicheko cha Sulia kilianzia chini kabisa tumboni, kikapanda polepole, kikimfika kooni hata wazee wa kanisa walikuwa hawana ujanja. Ndiyo maana alikaa mstari wa mbele kila mara.

Mchana ule walikuja watu wa televisheni kutoka Apia, mji mkuu. Tulei aliwavunja mbavu kwelikweli, akamaliza, akaenda kisimani kuosha majivu yake. Hapo ndipo Patelesio, mwenye kamera, alipojishika kichwa.

"Wazee wangu, nisameheni. Sijapata nyuso zenu! Nimempiga picha Tulei tu. Tucheke tena kidogo."

"Tucheke nini?" akauliza mzee mmoja. "Tulei anaoga."

"Chekeni tu. Tazameni palepale mkekani, kama bado yupo."

Mtu mmoja akainuka akunje mkeka kwanza.

"Usiguse!" Patelesio akapiga kelele. "Ukiuondoa, picha hazitalingana."

Watu wakatazamana. Mzee yule akakohoa, akashika magoti yake. Kisha macho yote yakamgeukia Sulia, na hapa lazima ukweli usemwe: Sulia alijua. Alilelewa na kanuni ile tangu ananyonya. Lakini alikuwa amevaa gauni jipya, ua liko sikioni, na kamera ilikuwa inamtazama yeye, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa mtazamaji.

"Mama, anza wewe," Patelesio akambembeleza.

Akaanza.

Walicheka dakika tatu nzima bila kuchekeshwa. Katika dakika ya pili ikaja harufu ya maua ya langilangi, tamu mno, na chini yake kitu kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Halafu katikati ya mkeka pakabonyea taratibu, kama anavyokaa mtu mzito akikunja miguu.

Nyumbani kwa Sulia kulikuwa na mgonjwa. Mama yao, Tausala, alikuwa na mapafu yaliyochoka, na daktari alishawaambia wamrudishe akae na watu wake. Sulia alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kila saa asipate vidonda. Hakuwa akiomba mama apone, hilo alishalimeza. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: mama aondoke akiwa radhi naye, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake, bila kinyongo hata chembe.

Kesho yake mchana alikuwa akimnywesha uji wa ndizi. Tausala akakohoa. Mara, kutoka miguuni pa kitanda, kikajibu kikohozi kingine. Kilikuwa kilekile cha mama, mkwaruzo uleule, ila kimevutwa kidogo tu mwishoni, ule uchokozi mdogo ambao mchekeshaji hodari anauongeza ili watu waangue kicheko. Sulia akageuka. Mkeka wa pale sakafuni ulikuwa umebonyea, na langilangi ilimjaa puani.

Kicheko kikaanza tumboni. Alibana midomo, akabana pumzi, akabana hata vidole vya miguu, na wapi. Kikamtoka chote mbele ya uso wa mama yake.

"Unanicheka, Sulia?"

"Hapana, mama! Haki ya Mungu, mama, si..." Akacheka tena mpaka kijiko kikamponyoka.

Kuanzia siku ile Sulia hakuwa na pa kujificha. Kila alipomsogelea mama, kile kiumbe kilianza mchezo wake, na kila siku alikiona vizuri zaidi, kwanza umbo kama mvuke juu ya chungu, baadaye mabega, baadaye mikono iliyopapasa kikombe hewani kama mama alivyokuwa akipapasa, mdomo uliotetemeka kama wa mama, hadi akaona mama wawili chumbani, mmoja mgonjwa, mwingine akimwigiza mgonjwa, na yeye katikati yao ameshika mbavu, machozi yakimtiririka, akicheka kwa sauti ambayo hata mbwa wa jirani walikuwa wakiikimbia.

Jioni moja baragumu la sala lilipopulizwa na kijiji kizima kikatulia, kicheko chake peke yake ndicho kilichosikika. Tulei akamvuta nje, nyuma ya nyumba.

"Dada, acha! Una nini wewe? Mama analia mle ndani."

"Nisaidie," Sulia akanong'ona. "Anamwigiza mama."

"Nani?"

"Yule tuliyemcheka. Ulipokwenda kuoga, Tulei. Mkeka mtupu."

Tulei akamwachia mkono.

"Nani aliukunja?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna. Yule bwana wa kamera alikataa."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Mimi ndiye niliyeanza."

Tulei akakaa chini palepale kwenye mchanga. Usiku ule aliuleta ule mkeka wa mchezo, akaukunja mara saba, akautia moto. Haikusaidia chochote. Asubuhi kikohozi cha pili kilikuwepo.

Siku ya sita Tausala aliomba ageuziwe ukutani. Alizungumza kwa shida, lakini kila mtu alimsikia.

"Mwambieni Sulia asinilishe tena. Tulei atanilisha."

Sulia aliyasikia maneno hayo akiwa amebeba beseni la maji ya kumwogesha. Aliliweka chini, akaenda kufua mashuka ambayo tayari yalikuwa safi. Iliuma. Iliuma kuliko kifo chenyewe, kwa sababu angeweza kueleza mpaka ulimi ukauke na bado angeeleza huku anacheka.

Ndipo Tulei alipomwita Bi Siatiga kutoka kijiji cha pili, mwanamke anayetibu maradhi ya mapepo kwa majani. Alikuja na ndala zake za plastiki na maneno makali. Alipondaponda majani, akamkamulia Sulia puani, akamshika kidevu.

"Wewe nani? Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

Kilichojibu ni kicheko.

"Jina lako!"

Kicheko.

Bi Siatiga akafuta mikono yake, akawageukia kwa hasira. "Pepo ana jina, ana ukoo, ana kaburi. Namwambia rudi kwenu, anarudi. Huyu mmemwita bila jina. Nimfukuze nikimwita nani?" Akatafakari kidogo. "Tulei, wewe ni mchekeshaji. Ukicheza watu wasicheke, unakaa mkekani?"

"Sikai, bibi. Hata kidogo. Unatamani ardhi ikumeze."

"Basi. Leo atacheza, na humu ndani hatacheka mtu."

Walikaa mchana huohuo, mvua ikianza kupiga paa. Tausala alikuwa amelala, wamemgeuza tena upande wa chumba ili apate hewa. Sulia akakaa sakafuni mbele ya kitanda, amempa mama mgongo, kitambaa kimejazwa mdomoni, Tulei amemkamata mabega. Bi Siatiga akasimama mlangoni.

Harufu ikaja. Mkeka ukabonyea. Kikohozi.

Sulia akakiuma kitambaa. Kile kiumbe kikapapasa kikombe, kikakikosa, kikapapasa tena, na kicheko kikampanda Sulia hadi kooni, akakimeza, kikapanda tena, akakimeza, na kiumbe kikazidisha, kikaigiza kugeuzwa, kikaigiza kuogeshwa, kikaigiza mama akiuliza unanicheka Sulia, hata mishipa ya shingo ikamtutumka na damu ikaanza kumchuruzika puani, na Tulei, ambaye hakuona ila mkeka uliobonyea, alimbana dada yake akimwambia sikioni, "Jikaze, dada, jikaze, karibu anachoka."

Na kweli kilichoka. Sulia alikiona kikisita. Kilirudia kikohozi mara ya mwisho, bila moyo, kama mchezaji anayejua ukumbi umemkataa, halafu kikatulia. Tumbo la Sulia likalegea. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kamera, hakuwa na kicheko ndani yake. Machozi yakamtoka, machozi ya kawaida ya mtu, na akaanza kuwaza maneno ya kwanza atakayomwambia mama.

Ndipo kile kiumbe kikaanza upya. Lakini hakikumwigiza mama. Kilijaza kitu mdomoni, kikatumbua macho, kikavimbisha shingo, kikatikisa mabega kama kimekamatwa kwa nyuma. Kilikuwa kinamwigiza Sulia.

Sulia hakucheka. Hakukuwa na cha kuchekesha hata kidogo.

Nyuma yake, kitandani, kicheko kikaanza. Kilianzia chini kabisa tumboni, kikapanda polepole. Sulia alikitambua kabla hajageuka, maana kwa mama yake ndiko alikokirithi. Tausala alikuwa amejiinua kwa kiwiko, yeye ambaye kwa wiki mbili hakuweza kujiinua, macho yake yakiangaza, akikitazama kile kiumbe kupita juu ya bega la binti yake.

"Mama!"

"Mfumbeni macho!" Bi Siatiga akapiga yowe.

Tulei akaruka, akamfunika kwa kiganja. Tausala akaendelea kucheka chini ya kiganja hicho, kisha akakisukuma kwa nguvu asizokuwa nazo, akatazama tena. Pumzi ilikuwa inakatika. Kila kicheko kilitoka na kipande chake.

Sulia akang'oa kitambaa mdomoni, akamshika mkono. "Mama, nitazame. Ni mimi. Nimepona, mama, sicheki tena. Sikuwa nakucheka wewe. Nitazame mara moja tu, nakuomba."

Tausala aliinua kidole cha mkono wa pili, kama mtu anayewanyamazisha wenzake ukumbini.

"Subiri," alisema. "Hajamaliza."

Bi Siatiga alitawanya majani, akaita majina ya mapepo yote aliyoyajua, moja baada ya jingine. Tulei alikwenda akakaa mwenyewe juu ya ule mkeka, akalia, akasema, "Mimi ni mtu, mimi ni mtu." Sulia alibaki ameushika mkono wa mama yake kwa mikono miwili, akimwita, mpaka ukapoa. Tausala alikata roho kabla mvua haijaacha, akicheka, na hakumtazama binti yake hata mara moja.