Mzee Hakatiwi Salamu

Ngwiiiii.

Sauti ilianza gizani, nyembamba, kama mbu aliyeingia sikioni na kukataa kutoka. Ilipanda injini ilipovuta. Ikashuka injini ilipotulia. Ikapanda tena.

"Zima!" mtu alifoka. "Dan, zima hiyo gari!"

Injini ikafa. Sauti ikafa nayo. Mworia alijikokota kutoka chini ya dashibodi, bisibisi mkononi, akaupiga teke mlango wa mabati. Jua la Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, likamwagika bandani. Sasa Land Cruiser ilionekana, kuukuu, ya kijivu, antena ndefu imesimama mbele kama fimbo ya mchungaji.

Saa mbili asubuhi.

"Muga, bro," Dan alisema akishuka kwa usukani. "Umeamka na mashetani?"

Mworia hakuitika. Ndugu yake mdogo amemsalimu kwa Kimeru, salamu ya nyumbani, naye ameipita kama jiwe la njiani. Kichwa chake kilikuwa kimejaa ile kelele. Alikuwa ameikwangua rangi kwenye kibano cha antena hadi chuma kikang'aa. Alikuwa amefunga na kufungua kila nati mara mbili. Bado redio ililia.

"Inasikika ama haisikiki?" aliuliza Dabaso. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wao, Mborana wa Korbesa, mrefu, mkimya, bastola kiunoni chini ya shati.

"Inasikika. Lakini inalia."

"Wacha ilie. Hata mtoto hulia na bado anasikia."

"Nilikuomba waya nene, nivute umeme kutoka kwa betri moja kwa moja. Umeniletea kamba ya kiatu. Nimelazimika kuunga kwa tundu la kuwashia sigara, sasa kelele yote ya alternata inaingia kwa redio. Nikakuomba kebo ya kubadilisha chaneli. Iko wapi?"

"Fundi, tunaiba ng'ombe. Hatufungui stesheni."

Halimo alicheka. Alikuwa amekaa juu ya tairi, leso imefungwa vizuri, redio ndogo ya mkononi mapajani. Mjini watu walimjua kama muuza maziwa ya ngamia. Hakuna aliyejua kwamba macho yake yalikuwa na kazi nyingine.

Dabaso alipanga nati juu ya boneti, kama ramani.

"Hapa ni soko la Oldonyiro. Lori la tajiri wa Nairobi litatoka na mafahali baada ya soko. Hapa ni laga, ule mto mkavu. Mtandao wa simu hufia hapa. Halimo atakuwa juu ya kilima hiki. Lori likishuka, atabonyeza kitufe mara moja. Akiona karao, gari lolote la polisi, mara mbili. Tunalisimamisha kwa mchanga, halina mbio huko. Dan analichukua. Anafika hapa, njia panda, anaacha barabara na kupanda milimani. Wanunuzi wanangoja."

"Na hakuna kuongea," Mworia alidakia. "Nisikizeni. Hii redio mliiba kwa gari la maskauti wa jamii, wale walinzi wa malisho. Bado iko kwa chaneli yao. Tukibonyeza watasikia mkwaruzo tu. Tukiongea watasikia watu."

"Tumesikia, mwalimu."

"Na Dan kwa lori atakuwa na redio gani?"

"Redio ni mbili. Moja ya Halimo, moja ya gari. Dan ana macho."

Mworia alitupa bisibisi chini. Ikaruka, ikagonga mabati. Kila alichoomba kilikuwa kimerudi nusu, au hakikurudi. Lakini angeondokaje? Mama yao, Gaceri, alikuwa shambani akiwaambia majirani kwamba Dan anajifunza ufundi kwa kaka yake. Kumbe Dan alijifunza kufungua magari ya wenyewe. Mworia alikuwa amekubali kufunga redio na kuendesha gari siku hii moja kwa bei moja tu.

"Rudia ulichoniambia," alimwambia Dabaso. "Mbele yake."

"Baada ya leo Dan ni wako. Wallahi."

"Mimi si mbuzi mnagawana," Dan alisema, akatabasamu, lakini hakumtazama kaka yake.

Saa saba mchana. Ndani ya laga.

Mto ulikuwa mchanga mtupu. Waliificha Land Cruiser nyuma ya migunga, pua ikitazama barabara. Injini iliwaka polepole kwa sababu Mworia hakuiamini betri. Ngwiii, ilisema redio. Dabaso alikaa kiti cha abiria, maiki mkononi. Dan alikuwa nyuma akitafuna miraa kwa vishindo.

"Tafuna kama mtu," Mworia alisema.

"Punguza redio yako kama mtu."

Mkwaruzo. Mmoja.

Dan akaacha kutafuna. Halimo ameliona lori.

Kisha spika ikakohoa, na sauti ya mzee ikatoka, tulivu, yenye mikwaruzo ya umri.

"Nagaa?"

Mworia alizaliwa Isiolo. Kiborana hakukijua sana, lakini hilo hata mbuzi wa mjini walilijua. Amani? Na jibu lake ni moja.

"Huyo ni nani?" Dan alinong'ona.

"Skauti," Mworia alisema. "Amesikia kitufe. Tulia."

"Ni Kuno hapa," mzee aliendelea kwa Kiborana. "Nani amegusa redio? Nagaa?"

Kidole gumba cha Dabaso kilikuwa juu ya kitufe cha maiki. Jasho lilimtiririka kutoka sikioni hadi shingoni. Mworia hakuwahi kumwona akitoka jasho, hata ile siku polisi waligonga banda.

"Dabaso. Usijibu."

"Ameuliza mara mbili."

"Hata aulize mara mia."

"Wewe ni Mmeru, huelewi. Mtu akikuuliza amani ukanyamaza, umemwambia vita. Ameshajua hapa kuna adui."

"Akijua kuna adui na hajui ni nani, tuko sawa! Weka maiki chini!"

Dabaso aliiweka. Polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Lori likatokea juu ya ukingo, likashuka kwa breki zinazopiga mluzi, likazama mchangani.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Land Cruiser ilitoka migungani na kuziba njia. Dabaso alipanda ngazi ya lori, bastola mbele.

"Shuka. Wewe na utingo wako. Simu chini."

"Kaka, mimi ni dereva tu."

"Ndiyo maana bado unaongea."

Waliwafunga mikono na kuwakalisha kivulini, chupa ya maji kati ya magoti. Dan aliingia kwa lori akipiga mluzi. Mafahali walikanyagana nyuma, pembe zikigonga mbao. Mworia alimfuata hadi mlangoni.

"Njia panda, kushoto. Usisimame. Ukiona kitu hukielewi, ruka, kimbia. Wachana na ng'ombe."

"Bro, wewe ni mama ama ni nani?"

Lori likanguruma na kupanda ukingo. Land Cruiser ikafuata mita chache nyuma, madirisha wazi, vumbi na harufu ya samadi vikiingia pamoja.

"Nagaa?" ilisema redio.

Mara hii mzee hakuharakisha. "Wewe uliye kimya. Mimi ni mtu mzima. Nakuuliza amani, hunipi?"

Dabaso akanyakua maiki kabla Mworia hajageuka.

"Nagaya," alisema. Amani. Ilimtoka kama pumzi iliyofungwa tangu asubuhi.

"Wewe ni wazimu!" Mworia aliupiga usukani. "Mjinga wewe! Neno moja nimewaomba, moja!"

"Nyamaza. Neno lenyewe ni moja. Atatosheka."

Hakutosheka. Salamu ya Waborana ina mlango mwembamba na nyumba pana. Mzee aliuliza watu wako na amani? Dabaso akajibu, wana amani. Aliuliza watoto. Wana amani. Aliuliza malisho, mvua, visima vya Merti, jirani na Korbesa, maana lafudhi ya Dabaso ilikuwa imeshamwambia huyu ametoka wapi. Amani, amani, amani. Mbele yao mafahali waliopanda lori walilia, na vilio vyao vikaingia moja kwa moja kwenye maiki iliyokuwa wazi.

"Na ng'ombe?" mzee aliuliza taratibu. "Ng'ombe nao wana amani?"

Dabaso alifumba macho. "Wana amani."

"Anakuvuta!" Mworia alisema. "Huoni? Anakuvuta ili uendelee kuongea. Kata!"

"Mzee hakatiwi salamu."

"Chaneli ni moja! Wewe na yeye mkiongea, Halimo hawezi kuingia! Hata akibonyeza hatutasikia!"

Hapo ndipo Dabaso alipoelewa. Uso wake ulibadilika rangi. Aliachia kitufe kama kimemchoma, na katika ule upenyo sauti ya mwanamke ikapasua spika, kali, ya mtu aliyekuwa akijaribu kwa muda mrefu.

"...nabonyeza, nabonyeza, mmekufa? Magari mawili ya polisi! Yamevuka daraja, yanakuja njia panda! Nimewaambia mara ngapi? Mimi naenda!"

Klik. Halimo akazima. Kilimani hakuonekana tena.

Mbele, lori lilipinda nyuma ya miamba na kupotea. Dan alikuwa akielekea njia panda akipiga mluzi, bila redio, macho yake mawili tu.

Mworia alikanyaga mafuta. Ngwiiiiii. Kelele ikapanda hadi meno yakauma.

"Ingia kulia," Dabaso alisema. Alikuwa ameangusha maiki na kushika bastola. "Hiyo njia ya mbuzi. Ingia."

"Dan yuko mbele."

"Dan ameenda. Ingia kulia."

"Uliapa!"

"Niliapa baada ya leo. Leo haijaisha." Mdomo wa bastola ukagusa mbavu za Mworia. "Karao wakiona lori la kuibwa linawajia mbio, unafikiri watauliza jina? Huyo tumempoteza. Ingia kulia, fundi, tuokoke wawili."

Mworia aliingia kulia. Aliingia kwa nguvu zote alizokuwa nazo na hakunyoosha usukani. Land Cruiser ikapanda kichuguu, ikainama, ikagota. Dabaso akagonga kioo kwa paji la uso. Maiki ilikuwa ikining'inia kwa waya wake uliojikunja. Mworia aliidaka.

"Mzee Kuno!" Alisema kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. "Mzee, nisikie. Lori ni la kuibwa, ndiyo. Lakini kijana anayeliendesha hana bunduki. Narudia, hana silaha. Bunduki ni moja na iko huku, kwa gari la kijivu, chini ya miamba. Waambie polisi wasipige lori. Tafadhali, mzee. Ni ndugu yangu."

"Nimesikia," mzee alisema. "Nawaambia sasa—"

Bastola ililia ndani ya gari kama ndani ya debe tupu. Risasi ilipita kwenye kiganja cha Mworia, ikapita kwenye maiki, ikaingia kifuani mwa redio.

Na kelele ikaisha.

Siku tatu aliitafutia dawa. Sasa palikuwa kimya kabisa, injini bado inawaka, damu ikidondoka kwenye paja lake, na Mworia akajikuta akicheka kama mwenda wazimu. Dabaso alifungua mlango na kukimbilia vichakani, uso umejaa damu. Hakufika mbali. Maskauti, waliowaita polisi tangu ule ukimya wa kwanza, walikuwa wamekaa pale juu ya miamba tangu waliposikia mafahali kwenye redio. Walisema baadaye kwamba mzee mmoja mwembamba alisimama mbele yake, akaitazama bastola, akamtazama usoni, akasema, "Nagaa, mtoto wa Korbesa." Na kwamba Dabaso alijibu kwanza ndipo akaitupa bastola chini.

Saa kumi na moja jioni. Barabara ya Isiolo.

Gari la polisi lilirukaruka juu ya mawe. Nyuma, kwenye mbao mbili zinazotazamana, walikaa ndugu wawili. Mworia kiganja kimefungwa kwa shuka la mtu, Dan pingu mikononi, mdomo umevimba kwa kofi moja la askari. Hakuwa na tundu la risasi popote. Mworia alimkagua kwa macho, kichwa hadi viatu, kisha akaanza upya.

"Umetuuza," Dan alisema. "Karao walikuwa wananingoja na maneno yako midomoni. 'Ndugu yako amesema hivi, ndugu yako amesema vile.' Mama alikuambia unichunge. Hakukuambia unipeleke jela."

Mworia angeweza kueleza. Kuhusu kitufe, chaneli, njia ya mbuzi, mdomo wa bastola mbavuni. Lakini maneno yangekuwa waya mwembamba tena, kelele tupu ingepita.

Taa za kwanza za Isiolo zilionekana. Ndipo alipokumbuka asubuhi.

"Muga, Dan," alisema.

Dan aligeuza uso, akatazama vumbi.

"Sawa," Mworia alisema, kwa sauti ambayo hata askari wa mbele aliisikia. "Leo wewe ulinisalimu mimi sikuitika. Sasa ni zamu yangu. Kesho nitakusalimu. Kesho kutwa nitakusalimu. Wakitutenganisha, nitapiga kelele kupitia ukuta. Wakikupeleka jela ya mbali, kila anayehamishwa huko nitamtuma akuambie muga kutoka kwangu. Sitachoka, Dan. Nakuahidi. Nitakusalimu mpaka uitike."