Poda Juu ya Kibodi

Haya yalimpata rafiki yangu Dufie, mtengeneza mabango ya misiba, yale yenye picha ya marehemu na majina ya wafiwa, pale Kumasi. Safari hiyo marehemu alikuwa Boadi, seremala ambaye msumeno ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Dada wa marehemu alitaka jina la mjane, Fosua, lifutwe kwenye bango. Dufie alilifuta kwa raha zake, maana huyo Fosua aliwahi kumzaba kibao sokoni.

Asubuhi tatu mfululizo akakuta jina limerudi kwenye bango ndani ya kompyuta. Akamshuku Kwaku, mwenzake wa dukani. "Anaichezea kompyuta yangu? Atanitambua!"

Mchana wa siku ya tatu, umeme ulipokatika na Kwaku akatoka kununua chakula, Dufie alinyunyiza poda kwenye kibodi ili inase alama za vidole, akafunga mlango na madirisha, akajibanza gizani na mchi mkononi. Mara kibodi ikaanza kulia polepole: ta, ta, ta.

"Leo nimekukamata, mshenzi we!" Mchi ukapiga hewa tupu.

Mlango ukagongwa kutoka nje. "Dada Dufie, unapigana na nani humo? Chakula chako cha kenkei kinapoa!" Alikuwa Kwaku.

Dufie akafungua, mwanga ukaingia. Kompyuta ilikuwa imezimika. Kwenye poda palikuwa na alama za mkono mmoja wa kulia, wenye vidole vitatu.