Herufi Tatu za Mama

Lifti ilikuwa imekufa asubuhi hiyo, na watu wa jengo zima walikuwa wamejazana ukumbini chini, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze kupanda ngazi. Katikati yao alisimama mwanamume mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi barabara, soksi moja ya kijivu na nyingine ya kahawia. Alikuwa amekumbatia boksi kubwa kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Namtafuta Shangazi," alimwambia mlinzi. "Yule wa jaridani."

"Si huyo hapo nyuma yako?" mlinzi akajibu.

Jamaa akageuka na, kwa adabu aliyolelewa nayo kwao, akainamisha kichwa kabla hata hajaona anayemsalimu. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

Aliyeitikia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, aliyevaa sweta la kijivu lililomzidi mabega. Ukumbi mzima uliangua kicheko, kwa sababu mwenye shikamoo alikuwa na mvi kwenye ndevu na mwenye marahaba hakuwa na hata moja. Yeye mwenyewe hakucheka. Alifungua mlango wa ngazi na kuushikilia ili boksi lipite.

"Nirudishie basi," alisema yule mwanamume, fundi wa kompyuta, huku akihema, walipofika ghorofa ya pili. "Shikamoo yangu. Nimeitoa kwa makosa."

"Ikishaitikiwa imekwenda."

"Utanirudishia tu siku moja. Nina subira."

Aliendelea kupanda, na msidhani ni maringo. Tangu mama yake afariki mwaka uliopita, mambo yalikuwa yakimfikia kama redio ya jirani: anajua kuna mtu anaongea, lakini ni upande wa pili wa ukuta.

Mama huyo ndiye aliyekuwa Shangazi wa kwanza. Kwa miaka mingi alijibu barua za wasomaji waliosalitiwa, walioachwa, na waliopenda pasipopendeka, na jarida lilinunuliwa kwa ajili ya ukurasa wake. Alipokufa, Mhariri alimwita binti mazishini, kaburi halijakauka, akamwambia ukurasa hauwezi kukaa wazi. Binti akarithi kiti, sweta na jina. Kufika mwisho wa mwezi hata mfagiaji alikuwa akimwita Shangazi. Akawa anajibu barua za mapenzi kama karani anavyogonga mihuri.

Kazi ya fundi ilikuwa kuweka seva ya kutafutia, ile kompyuta iliyokuwa ndani ya boksi. Barua zote na majibu yote ya mama yalikuwa yameshachapwa kwenye kompyuta, lakini yalilala humo bila mpangilio. Sasa ingewezekana kuandika neno lolote, na seva ilete kila mahali lilipo kufumba na kufumbua. Barua mpya za wasomaji nazo zingeingia humohumo. Chumba cha mashine kilikuwa kinavuja, kwa hiyo seva ikawekwa chini ya meza ya Shangazi, ikanguruma na kumpulizia joto miguuni.

"Mzoee taratibu," fundi alisema akiwa amepiga magoti chini ya meza. "Anaitwa Bibie. Usimlishe kwa pupa. Ukimtwisha barua zote kwa mpigo anazimia."

"Nani kampa jina?"

"Mimi. Mpenzi wangu huyu, usimwonee wivu."

"Simwonei."

"Najua," fundi akasema. "Ndiyo shida yenyewe."

Siku walipomjaribu Bibie kwa mara ya kwanza, fundi aliandika neno *penda*. Bibie akafikiri kidogo, akarudi mikono mitupu.

"Haiwezekani," fundi alisema. "Miaka yote hii ya barua za mapenzi, na hamna penda?"

"Nani anaandika penda peke yake?" Shangazi aliuliza. "Watu wanaandika nampenda. Hanipendi. Tulipendana."

Fundi alijipiga paji la uso. Mtambo ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya lugha za watu ambao neno lao husimama peke yake, na neno letu halitoki nyumbani bila ukoo mzima: nani, lini, nani tena, na kama ni ndiyo au siyo. Ikabidi afundishwe Bibie kuvua maneno viambishi vyake hadi afike kwenye shina. Na mwenye kuyajua hayo kwa ufasaha alikuwa Shangazi.

Wakakaa pamoja wiki kadhaa, viti viwili kwenye meza moja. Yeye anasema, fundi anaandika amri.

"*Kata* usiichanganye na *kataa*."

"Kwani si ndugu?"

"Majirani tu."

Fundi alileta chai kila saa nne, na kila utani aliokuwa nao. Shangazi alikunywa chai. Utani aliusikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kama mtu anayesomewa masharti ya benki. Hata hivyo alianza kufika kazini mapema, na hakujiuliza kwa nini.

Asubuhi simu ilikuwa ikimkuta njiani.

"Amelalaje?" fundi angeuliza.

"Nani?"

"Bibie, nani mwingine? Wewe nikikuuliza utaniambia salama tu."

"Salama."

"Umeona?"

Jambo la mwisho alilolitengeneza fundi lilikuwa vijipande. Ukitafuta neno, chini ya kila barua kinatokea kipande kifupi cha jibu, ili uonje kabla hujafungua ukurasa mzima. Shangazi alivipenda, kama kupenda ni neno lake. Kusoma jibu zima la mama hakuweza. Akifungua ukurasa, sauti ya mama ingeanza kuongea toka mstari wa kwanza, na alikuwa amekaa vizuri pale asiposikia kitu. Lakini kipande kiliwezekana. Kipande ni maneno tu. Akawa anajibu wasomaji kwa kunakili vipande vya mama, na hakuna aliyegundua.

Ndipo ilipoingia barua moja, katikati ya barua nyingine, siku ambayo Mhariri alikuwa amesimama mlangoni akidai ukurasa uende kiwandani kuchapwa.

*Shangazi, nampenda mwanamke ninayefanya naye kazi. Hacheki, halii, hakasiriki. Ukimpa chai anakunywa, usipompa hakumbuki. Nimeshamaliza utani wote niliozaliwa nao. Niendelee, au nimwache? Wako, Njiwamaji.*

Wote wanaouandikia ukurasa ule hutumia majina ya kubuni. Kuna Kidonda Kibichi, kuna Nimechoka, kuna Mke wa Pili. Njiwamaji hakumshtua. Alichofikiri ni hiki tu: mwanamke mwenyewe huyu naye, kazi kweli.

"Shangazi, wanasubiri," Mhariri alisema.

Akamwandikia Bibie: *hacheki halii*. Jibu la mama likaja juu kabisa, na chini yake kipande:

*mwache, mwanangu. Mtu wa namna hiyo hakuchukii wala hakupendi, hana habari na mtu*

Hakufungua ukurasa. Akanakili, akaikuza herufi ya kwanza iwe kubwa, akaweka nukta mwisho. Jarida likatoka.

Fundi alilinunua njiani, kama kawaida yake. Alipofika ofisini siku hiyo hakuwa na chai. Alisalimia, akainama chini ya meza, akakaza nyaya ambazo hazikuwa zimelegea.

"Nimesoma ukurasa wako," alisema akiwa kulekule chini.

"Eeh."

"Umejibu waziwazi."

"Ndiyo kazi."

"Sawa," fundi alisema. "Mtu akiuliza, akajibiwa, basi."

Kesho yake simu ya asubuhi haikulia. Wala keshokutwa. Ndani ya wiki hiyo fundi alimaliza yaliyobaki kwa haraka ambayo hakuwahi kuwa nayo, akamkabidhi Mhariri neno la siri la seva, akampa Shangazi mkono. Alikuwa amevaa soksi zinazofanana. Shangazi aliliona hilo, akaliacha lipite. Lakini saa nne ilipofika aliutazama mlango, na siku ya pili akautazama tena. Bibie alikuwa akinguruma chini kama kawaida, miguu ina joto, na mabegani baridi ilikuwa imempanda hata ndani ya sweta.

Fundi alipiga mchana mmoja. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mteja.

"Samahani kwa usumbufu. Kuna uchafu niliusahau kwenye seva, na mimi siwezi tena kuingia. Nilipokuwa najaribu mtambo niliweka barua za uongo. Kila moja niliitia neno moja ambalo hakuna mtu duniani angeliandika, ili nizipate zote kwa mkupuo. Litafute hilo neno, ufute vyote vitakavyokuja."

"Neno gani?"

"Njiwamaji," akasema, na simu ikakatika.

Akaliandika. Zikaja: *Jaribio, njiwamaji. Bibie, unasikia? Njiwamaji. Bibie ana njaa, njiwamaji.* Na chini ya hizo, barua ya mtu anayempenda mwanamke asiyecheka.

Shangazi alikaa. Akaisoma barua ile tena, polepole, na safari hii chai ilikuwa chai yake. Mtu alikuwa amemwandikia yeye, akimtegea acheke. Yeye akamjibu mbele ya wasomaji wote amwache. Na jibu lenyewe halikuwa hata lake.

Lilikuwa la mama. Hapo ndipo alipopata shaka. Mama aliyemjua yeye, mwanamke aliyewalazimisha hata majirani waliogombana kunywa uji pamoja, angemwambia mtu aondoke kirahisi hivyo? Alirudi kwenye jibu lile. Kidole kilisita. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akafungua ukurasa mzima.

*Usimwache, mwanangu. Mtu wa namna hiyo hakuchukii wala hakupendi, hana habari na mtu kwa sababu hana habari hata na nafsi yake. Nilikuwa hivyo alipofariki mume wangu, na binti yangu angali mdogo. Usimchekeshe kwa nguvu. Kaa karibu, fanya shughuli zako. Siku akizinduka, akukute upo.*

Fundi alikuwa amekipima kipande kwa idadi ya herufi, hakukipima kwa maneno. Mkasi wa Bibie ukapita katikati ya neno. Kwa lugha nyingine labda isingedhuru. Kwetu, neno likikatwa kichwa bado linatembea, tena linakwenda kinyume.

Kitu kilimchoma Shangazi chini ya mbavu. Kiliuma. Aliyatambua yale kuwa ni maumivu kama unavyomtambua mtu mliyesoma naye zamani, kwanza kwa mwendo, kisha kwa uso. Mama alikuwa amekufa. Alikuwa amekufa kabisa, na sauti yake ilikuwa pale kwenye kioo, nzima. Alilia kidogo, machozi machache, kisha yakakoma yenyewe, na ganzi ikarudi. Lakini haikurudi yote.

Alimpigia fundi. Simu iliita hadi ikakata. Akapiga tena, hali ileile. Akainuka akaenda kwa Mhariri.

"Nataka nafasi ya masahihisho."

"Kwenye ukurasa wa mapenzi?" Mhariri alivua miwani. "Tangu lini mapenzi yana masahihisho?"

"Haya yanayo."

Mhariri alimtazama macho yale mekundu, na kwa mara ya kwanza hakusema kuwa wanasubiri. Toleo lililofuata lilikuwa na kisanduku kidogo chini ya ukurasa: *Masahihisho. Jibu kwa Njiwamaji lilichapwa likiwa na upungufu wa herufi tatu. Pale palipoandikwa "Mwache", pasomeke "Usimwache". Jibu zima, la Shangazi wa kwanza, liko hapa chini. Shangazi anaomba radhi. Hakujua kuwa na yeye alikuwa akijibiwa.*

Fundi alikuja siku hiyohiyo jarida lilipotoka. Lifti ilikuwa imekufa tena, na aliingia akihema, jarida limekunjwa kwapani, soksi moja nyeusi na nyingine ya buluu.

"Niliona unapiga," alisema mlangoni. "Nilidhani Bibie kaanguka. Sikuwa na moyo wa kuja kumwinua."

"Bibie mzima."

"Ni kosa langu. Nilikata kwa herufi badala ya neno. Hata mwanafunzi hafanyi hivyo."

"Lirekebishe."

"Ndiyo nimekuja." Hakusogea. "Hilo tu?"

Shangazi aliishika mikono ya sweta. "Sitaki kukudanganya, fundi. Nikikaguliwa leo, sijui kama nitakutwa na mapenzi. Bado nasikia vitu kwa mbali. Ila ulipoacha kupiga simu asubuhi, nilisikia. Hilo nalijua. Sina zaidi ya hilo la kukupa."

"Mama kasema nikae karibu nifanye shughuli zangu," fundi alisema. "Mimi ni nani nimbishie?"

Akavuta kile kiti cha pili, ambacho hakuna aliyekuwa amekiondoa, akakiweka palepale kilipokuwa. Chini ya meza Bibie aliendelea kunguruma. Walikaa hivyo muda, bega na bega. Kisha Shangazi akamgeukia, akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu kamili.

"Shikamoo, fundi."

Ilimbidi fundi ainame chini ya meza, ajifanye anatafuta waya.

"Marahaba," akaitikia kutoka huko.