Mkono Uliovuta Hendibreki

Mkasa huu ulimpata mshonaji mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima mwenye akili zake, asiyejua kutia chumvi. Akiusimulia hapepesi macho, na wewe unayesikiliza ndiye unayetafuta kiti karibu na mlango.

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi zote. Nguo zilikuwa kambani, na mumewe, seremala, alikuwa amelala chini ya gari tangu asubuhi, miguu tu nje. Gari lenyewe lilikuwa jipu kuukuu la kwendea porini, na mshonaji alilichukia kuliko jino bovu. Si kwa uzee wake. Lilikuwa la mke wa kwanza, marehemu, aliyechukuliwa na homa kabla yeye hajaolewa pale. Picha za marehemu zilishatolewa ukutani, vyombo vyake vikagawiwa, lakini jipu lilibaki. Seremala akiligusa, uso wake hulainika kwa namna ambayo mshonaji hajawahi kuiona kitandani wala mezani. Wivu ni kidonda, na mama huyu alikuwa akikitonesha mwenyewe kila siku.

Sasa, hendibreki ya jipu lile haikamati magurudumu kama magari ya siku hizi. Ina dramu moja tu nyuma ya gia boksi, inayokamata shafti, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu. Ikishika, gari zima limeshikwa. Ikiachia, limeachiwa lote. Sili, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa imevuja, oili ikalowesha brekishuu zinazobana ndani ya dramu, na kwa muda mrefu jipu lilikuwa likisimamishwa kwa jiwe chini ya tairi. Seremala alikuwa amebadilisha sili, brekishuu na springi. Ilibaki kurekebisha mkazo, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja chini anakaza bolti, mwingine kitini anavuta mpini wa breki na kulegeza.

Enzi zile aliyekaa kitini alikuwa marehemu. Walikuwa na mtindo wao, ambao fundi yeyote angewakemea. Breki ikishavutwa, jiwe linaondolewa seremala akiwa bado chini, sikio karibu na dramu, asikie kama inateleza. Na ua wao una mteremko mpaka ukutani.

"Nilikuwa nauamini mkono wake," seremala alizoea kusema, kana kwamba mkewe wa sasa hana masikio.

"Mke wangu, njoo univutie hendibreki," aliita Jumamosi hiyo.

Mshonaji alikuwa jikoni. "Nina vyombo hapa."

"Mara moja tu. Mwenzio alikuwa..." Akakatiza, lakini neno lilishatoka.

Lilimchoma. "Basi mwite huyo huyo," akajibu. "Mwite mwenye mkono wake, aje."

Mshonaji akaendelea kuosha sahani, akizigonganisha kuliko ilivyohitajika.

Kisha akamsikia mumewe. "Vuta."

Kra, kra, kra. Mpini ukapanda.

"Legeza. Haya, vuta tena."

Kra, kra, kra.

Damu ikamchemka. Akajua ni yule mjane wa nyumba ya pili, ambaye siku zote ana shida ya kuazima nyundo. Kumbe jirani ndiye anayevuta, tena haraka namna hii! Mumewe akacheka huko chini, kicheko chepesi cha kijana, ambacho mshonaji hakukijua. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoka kwenda kumpa mtu ukweli wake.

Mlango wa jipu ulikuwa wazi. Kitini hapakuwa na mtu.

Kiti kilikuwa kimebonyea katikati. Jiwe halikuwa chini ya tairi. Lilikuwa kule ukutani, ambako mkono wa mtu aliyelala hauwezi kufika.

"Safi sana, mke wangu," seremala alisema kutoka chini. "Leo una mkono wa zamani."

Mpini ukaanza kushuka. Polepole. Kitufe chake kilikuwa kimebonyezwa, wala hapakuwa na kidole. Jipu likaguna.

Mshonaji alirukia ndani. Akaushika mpini kwa mikono miwili, akavuta. Haukupanda. Juu ya vidole vyake palikuwa na vidole vingine. Havikuonekana. Vilikuwa vikavu, na havikuwa na haraka.

"Dada," alinong'ona. "Nimekosa. Zilikuwa hasira tu."

Mpini ukashuka kidogo. Tairi likasogea.

"Jipu chukua. Ni lako."

Ukashuka tena. Chini, seremala alikuwa akipiga mluzi.

"Chukua nafasi yangu," mshonaji alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Ichukue yote. Ila yeye usimuue."

Vidole vikaachia. Mpini ukapanda wenyewe mpaka mwisho, na jipu likatulia.

Seremala akajivuta nje, oili hadi kwenye nyusi, anatabasamu. Alipomwona kitini, tabasamu likapotea.

"Mbona umepanda tena? Nimeona miguu yako ikishuka sasa hivi, ikaelekea ndani."

Mshonaji hakuwa ameshuka. Akaingia kwa mlango wa jikoni. Jikoni hapakuwa na mtu, wala sebuleni. Mlango wa chumba cha kulala, aliouacha wazi, ulikuwa umefungwa. Nje yake, sakafuni, ulikuwa umewekwa mto wa mshonaji, wenye foronya aliyoidarizi mwenyewe. Katikati ya foronya kulikuwa na alama ya kiganja cha oili nyeusi, na kiganja kile kilikuwa kidogo kuliko chake.

Ameifua foronya ile kwa kila sabuni. Haitoki. Siku hizi analala chumba cha cherehani, kwa sababu ya mlango. Mumewe akiusukuma, hufunguka, na ndani hamna mtu. Yeye akiusukuma, unashikwa kwa ndani.