Ungo wa Chumba cha Tatu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Manjano mabichi, kama yametwangwa sasa hivi, ndani ya jumba la makumbusho lenye viyoyozi, adhuhuri ya Jumapili, mahali ambapo mlangoni walikuwa wamenyang'anywa hata biskuti. Wilai alimtazama wifi yake, Pranom. Pranom akasema yeye hasikii harufu yoyote, labda ni nepi.

Walikuwa wametoka kuangalia magari ya dhahabu ya kuzikia wafalme, wakaingia chumba cha tatu, cha mambo ya uzazi wa kale. Wilai alimpakata mwanawe wa miezi minane, waliyempa jina la Chura. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla yake, na Bangkok nzima inajua majini hayataki watoto wabaya. Kwa hiyo nyumbani ilikuwa ni kumtukana tu kutwa kucha: sura mbaya wewe, pua kama kizibo, nani atakutaka? Wilai alimpenda kupita kiasi, ndiyo maana alimtukana kuliko wote. Pranom peke yake ndiye aliyekuwa akinyamaza. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hana hata mmoja.

Katikati ya chumba paliwekwa ungo mkuukuu. Nyuma yake alichuchumaa mwanamke aliyevaa nguo za kizamani, mikono yake ya njano hadi viwikoni. Wilai alidhani ni mhudumu wa pale. Mwanamke akamwangalia mtoto weee, kisha akauliza taratibu, "Mtoto wa nani huyu?"

"Si wangu," Wilai akajibu akicheka, kwa mazoea. "Nimemwokota jalalani. Baya hili nani atalizaa?"

"Haya. Basi ni wangu."

Pranom akamuuliza anaongea na nani. Wilai alipogeuka kumwonyesha, nyuma ya ungo palikuwa na ukuta mtupu.

Kuanzia siku hiyo Chura alikataa ziwa. Alilia akishikwa na mama yake na kunyamaza akilazwa peke yake, na akilazwa peke yake alicheka, akimfuata mtu kwa macho huku na huku juu ya kitanda, na harufu ile ikawa inaingia kwenye mashuka, kwenye wali, kwenye nywele za Wilai mwenyewe, mpaka siku ya tano, mchana kweupe, alipomvua nguo amwogeshe akamkuta mgongoni na alama za vidole kumi vya njano, ambazo alizisugua kwa sabuni mpaka mtoto akachubuka na bado hazikutoka.

Wilai na Pranom wakamkimbiza kwa Bibi Bunruan, mkunga mzee wa ng'ambo ya mto. Bibi akawaambia kwamba kila mtoto hufinyangwa na jini kabla ya kuzaliwa. Ndiyo sababu zamani alilazwa kwenye ungo, mkunga akauliza ni wa nani, na mama akawahi kujibu ni wangu, kabla mfinyanzi hajamchukua.

"Wewe umemkana," alisema. "Tena mbele ya mfinyanzi mwenyewe."

Wilai akapiga magoti akaomba aulizwe upya.

"Neno lako halina kazi tena, binti. Sasa wa kumdai ni mwanamke ambaye hajawahi kumkana."

Bibi akamlaza Chura kwenye ungo, akauyumbisha, akamgeukia Pranom na kuuliza mtoto ni wa nani. Harufu ikapanda mpaka macho yakawawasha. Midomo ya mtoto ikaanza kugeuka rangi, na Pranom alikuwa bado anamtazama wifi yake.

"Nikisema wangu, ni wangu kweli," alinong'ona. "Hutamwita mwanao tena, hata kwa siri."

"Wifi, nakuomba."

"Sema ni wa nani."

Wilai akamtazama mtoto, kifua chake hakipandi. "Ni wako," akasema.

"Wangu," Pranom akajibu, na harufu ikakatika pale pale.

Jioni Pranom alikuwa amempakata Chura, anamnywesha chupa. Alimwambia Wilai afunge mlango akitoka, maana mtoto anamtafuta kwa macho, na si vizuri. Wilai akaufunga. Akakaa nje kwenye ngazi, maziwa yakimlowesha blauzi, akimsikiliza mtoto wa Pranom akilia.